Milimita zinapotelea wapi? Mwongozo wa kuandaa picha za kulenga shabaha ndani ya ubongo

Sindano ya biopsi, yaani ya kuchukua kipande kidogo cha nyama cha kuchunguzwa, inapopita kwenye tundu dogo la fuvu, daktari haoni inakoenda. Anafuata namba tatu: ya kulia na kushoto, ya mbele na nyuma, ya juu na chini. Namba hizo zimetoka kwenye picha, na picha zimetoka mikononi mwa radiografa. Zikiwa na kosa la milimita nne, ustadi wa mkono hausaidii kitu, maana fremu, yaani kifaa kinachofungwa kichwani ili kuiongoza sindano, itampeleka pale pale ilipoambiwa.

Nawaandikia radiografa wenzangu, wauguzi wa thieta na madaktari wanaosomea ubingwa hapa Uganda. Upasuaji wa ubongo nchini umepiga hatua. Hospitali ya Mulago, Kampala, ina ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani tangu 2007, na hospitali ya CURE pale Mbale inajulikana mbali kwa kutibu watoto wenye maji kichwani. Kulenga kwa fremu kuna faida ya moja kwa moja kwa wagonjwa tunaowaona kila wiki. Mtu mwenye VVU akikutwa na uvimbe kwenye ubongo, unaweza kuwa toksoplazma (maambukizi ya vimelea), kifua kikuu, limfoma (aina ya saratani) au usaha, na kila kimoja kina dawa yake. Kipande kidogo cha nyama kilichochukuliwa mahali sahihi ndicho kinachoamua atibiwe nini. Kikichukuliwa pembeni, majibu ya maabara yanarudi na maneno "ubongo wa kawaida", na mgonjwa amebeba hatari ya upasuaji bure.

Hoja yangu ni moja. Hatuwezi kuboresha kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo tujue kosa kubwa liko wapi, tuanze na hilo. Mara nyingi haliko kwenye fremu. Liko kwenye picha.

Kabla ya hatua zenyewe: fremu inasoma nini?

Wazo la kulenga kwa vipimo vitatu ni la zamani. Horsley na Clarke walionyesha kifaa chao London mwaka 1908, kikatumika kwa wanyama. Spiegel na Wycis wakafanya kwa binadamu Philadelphia mwaka 1947, na Leksell wa Sweden akaleta fremu yake yenye upinde mwaka 1949. Siku hizo shabaha haikuonekana yenyewe. Walipiga eksirei, wakatia hewa kwenye ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo), kisha wakakisia kutoka kwenye alama za karibu.

Mambo yalibadilika ilipokuja CT, mashine ya eksirei inayoonyesha kichwa kipande kwa kipande. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Russell Brown, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Utah, alibuni fimbo zilizopangwa kwa umbo la herufi N pembeni mwa fremu. Fimbo mbili zimesimama wima, ya tatu imelala mshazari kati yake. Kipande cha CT kikikata hapo, kila N inaonekana kama nukta tatu. Nukta ya katikati ikikaribia ile ya kushoto au ya kulia, unajua kipande kimekata juu kiasi gani. Kwa hiyo kila kipande kinabeba rula yake. Hata meza ya CT ikishuka kidogo kwa uzito wa mgonjwa, nukta zitasema.

Elewa jambo hilo vizuri, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini nukta zote lazima ziwemo kwenye picha, na kwa nini nukta iliyofifia ni hatari. Fimbo ya mshazari ikiwa na mwinamo wa nyuzi 45, kosa la milimita moja katika kusoma mahali pa nukta linakuwa kosa la milimita moja la juu na chini.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya makosa

Chukua karatasi. Andika kila mahali ambapo milimita zinaweza kupotea: unene wa kipande cha CT, upotofu wa MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku), kuoanisha MRI na CT, yaani kuzilaza picha zake zilingane, fremu yenyewe, na ubongo kuhama fuvu likishafunguliwa. Makosa ya kubahatisha hayajumlishwi moja kwa moja. Kila moja linazidishwa lenyewe kwa lenyewe, yanajumlishwa, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. CT ya kipande cha milimita 1 inachangia kama 0.3, fremu 0.5, MRI 1.0, kuoanisha 1.0, ubongo kuhama 1.0. Jumla ni milimita 1.8. Sasa tuseme hospitali imetafuta fedha, imenunua fremu bora zaidi, kosa lake likashuka hadi 0.2. Jumla mpya ni karibu 1.8 ile ile, ukipiga kwa makini unapata 1.77. Fedha zote hizo zimekuletea sehemu sita za mia za milimita. Lakini ukibaki na fremu ya zamani, ukarudia MRI vizuri na kuoanisha kwa makini hadi yote mawili yakafika 0.5, jumla inashuka hadi 1.4. Kazi hiyo haihitaji zabuni. Inahitaji saa moja ya ziada na mtu anayejali.

Unene wa kipande una hesabu yake pia. Kitu chochote ndani ya kipande kinaweza kuwa popote kati ya uso wake wa juu na wa chini. Kwa kipande cha milimita 5, kosa la kawaida ni 1.4 na kosa la juu kabisa ni 2.5. Kwa kipande cha milimita 1, ni 0.3 na 0.5. Hakuna namna nyingine ya kupunguza kosa kwa urahisi hivyo.

Jihadhari: kanuni hii ni ya makosa yanayoyumba huku na huku. Kosa linaloegemea upande mmoja kila mara halipunguzwi na chochote, linaongezeka lote zima juu ya mengine. Nitarudi hapo mwishoni.

Hatua ya pili: pima mashine yako

Usingoje ripoti ya mwaka ya fundi. Chukua chombo cha plastiki chenye ukubwa wa kichwa, kisimamishie vijiti vya plastiki ndani kwa safu, pima umbali kati ya vijiti kwa kalipa, andika. Jaza maji. Kwa MRI ongeza mrututu kidogo, yaani salfeti ya shaba, ili maji yatoe ishara nzuri, na gonga chombo hadi mapovu yote yatoke, kwa sababu hewa inapotosha picha pale pale ilipo.

Piga picha, kisha pima umbali ule ule kwenye skrini, katikati na pembeni, kwa pande zote tatu. CT nzima haipaswi kukosea zaidi ya pikseli moja. Kwa uwanja wa picha wa milimita 300 na matriksi ya 512, pikseli ni kama 0.6. Kwa uwanja wa milimita 500 ni karibu 1.0. Ndiyo sababu hatufungui uwanja kuliko inavyotakiwa. MRI itakuwa nzuri katikati na kuanza kupinda kadiri unavyotoka nje, na ni vizuri ujue inapinda kuanzia wapi.

Umeme ukikatika na CT ikawaka upya, usimlaze mgonjwa wa fremu mara moja. Pasha tyubu moto, fanya urekebishaji wa hewa, ndipo uendelee. Jenereta ikiwa ndiyo inayoendesha, hakikisha UPS ya mashine inashika, maana skani ikikatika katikati, nusu mbili za picha hazishonwi pamoja. Unaanza upya.

Hatua ya tatu: ikatae bahasha ya kaki, kwa upole

Mgonjwa ametoka Arua au Kasese, amebeba bahasha kubwa ya kaki yenye filamu za MRI. Ameilinda safari nzima kwenye basi. Ni vigumu kumwambia kwamba hazitatosha, lakini ndivyo ilivyo. Filamu haina vipimo vinavyosomeka na programu ya kupanga upasuaji. Picha ya simu iliyotumwa kwa WhatsApp ni mbaya zaidi. Tunachohitaji ni faili za DICOM zenyewe, yaani picha za kidijitali zenye vipimo vyake, mfululizo mzima, kwenye sidii au flashi.

Mwambie hivi: "Baba, picha hizi zimetusaidia kujua tatizo liko wapi. Sasa tunahitaji nyingine za kutuongozea sindano, na hizo hupigwa kwa namna tofauti." Watu wanaelewa. Kinachowaudhi ni kuambiwa "rudia" bila sababu, hasa wakikumbuka walivyouza ng'ombe kulipia ya kwanza.

Kwanza fungua sidii uone, huenda ndani yake kuna mfululizo unaofaa. Angalia mambo manne: unene wa kipande (milimita 1 hadi 1.5), nafasi kati ya vipande (isiwepo), kichwa kizima tangu utosini hadi chini ya masikio, na tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usaha unakua. Limfoma inaweza kunywea sana mgonjwa akipewa deksamethazoni, ambayo ni steroidi, na wakati mwingine inapotea kwenye picha kabisa. Kwa hiyo muulize daktari wa wodi: ameanzishiwa steroidi lini? Kama limfoma inashukiwa na hali ya mgonjwa inaruhusu, steroidi husubiri hadi biopsi ipite. Na kama ameshazimeza tangu MRI ilipopigwa, MRI hiyo ni ya uvimbe uliokuwepo, si uliopo.

Hatua ya nne: MRI ya kulengea

Hii hupigwa bila fremu, siku moja au chache kabla. Tunachotaka ni T1 ya ujazo mzima yenye dawa ya kung'arisha, vokseli (chembe ya picha yenye pande tatu) ya milimita 1 kila upande, na T2 kama muda upo; T1 na T2 ni aina mbili za picha za MRI. Acha dakika tano hivi baada ya kuchoma dawa ili ukingo wa uvimbe ujae. Figo zikaguliwe kabla.

Nywele. Jambo hili huwa linasahauliwa, na kwetu lina uzito wake. Misuko na nywele za kubandika huwa na nyuzi zinazong'aa, na baadhi ni za metali. Pini ndogo hufichwa ndani ya mkia. Metali yoyote karibu na fuvu inavuta picha kuelekea kwake au inaacha shimo jeusi. Pitisha vidole kichwani mwa mgonjwa mwenyewe, kwa ruhusa yake: "Dada, misuko hii itabidi ifumuliwe, na siku ya fremu skrubu zitahitaji kugusa ngozi." Mpe siku ya kujiandaa, akafumue nyumbani na watu wake. Usimshtukize mlangoni mwa chumba cha MRI.

Kisha mipangilio. Kichwa kikae katikati kabisa ya sumaku, kwa sababu hapo ndipo upotofu wa gradienti ni mdogo. Washa marekebisho ya upotofu ya pande tatu, si yale ya pande mbili ambayo mashine nyingi huweka zenyewe. Upana wa bendi, yaani masafa yanayotengewa kila pikseli, uwe mkubwa. Nitaonyesha kwa nini. Kwenye mashine ya tesla 1.5, tofauti ya sehemu moja kwa milioni katika uga wa sumaku ni kama hezi 64. Karibu na mifupa yenye hewa, tuseme juu ya pua au kando ya sikio, tofauti inaweza kubaki sehemu tatu, yaani hezi 192. Ukipiga kwa bendi ya hezi 100 kwa pikseli, kitu kinahama karibu pikseli mbili. Kwa hezi 400, kinahama nusu pikseli. Ishara ikilinganishwa na kelele inapungua hadi nusu, lakini mahali panakuwa sahihi zaidi. Kwa kulenga, nachagua mahali kila mara. Kwenye tesla 3 hezi hizo zinazidishwa mara mbili, kwa hiyo sumaku kubwa si lazima iwe bora kwa kazi hii.

Picha za difyusheni, yaani MRI inayoonyesha mwendo wa maji kwenye tishu, usizitumie kuweka shabaha. Zinafaa sana kutofautisha usaha na uvimbe, lakini jinsi zinavyopigwa zinapinda milimita kadhaa, hasa mbele na chini ya ubongo.

Na mashine za nguvu ndogo? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wenzao wa Leiden, Delft na Penn State, waliunganisha MRI ya nguvu ndogo pale pale Mbarara, ikilenga hasa watoto wenye maji kichwani. Ni kazi ya kujivunia kwa nchi yetu, na kuonyesha ukubwa wa ventrikali ni matumizi yanayoifaa. Kulenga sindano kunadai uga unaojulikana kwa undani na programu ya kunyoosha picha. Usichukue picha ya nguvu ndogo ukaipeleka kwenye programu ya kupanga bila kupima kwanza kwa kile chombo cha vijiti.

Hatua ya tano: fremu kichwani

Hii ni kazi ya daktari, lakini radiografa awepo au aulizwe. Ganzi ichomwe sehemu nne, isubiriwe ifanye kazi, skrubu zikazwe kwa jozi za mkingamo ili fremu isivutwe upande mmoja. Shabaha iwe ndani ya eneo ambalo fimbo zinalifikia. Uvimbe wa chini, karibu na serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma), unataka fremu ikae chini zaidi. Na kama inawezekana, ncha za skrubu zisiwe kwenye usawa mmoja na shabaha, maana miale yake kwenye CT itapita katikati ya kile unachotaka kuona. Baada ya hapo, mtu yeyote asishike fremu kumwinulia mgonjwa kichwa.

Hatua ya sita: CT yenye fremu

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu CT ndiyo inayobeba ukweli wa vipimo. MRI inatuonyesha uvimbe vizuri zaidi, lakini ndiyo inayopinda, na fimbo za fremu zikiwa pembeni kabisa mwa uga zingepinda kuliko ubongo wenyewe. Kwa hiyo fremu tunaisoma kwenye CT, uvimbe tunauona kwenye MRI, halafu tunavioanisha.

Funga fremu kwenye kishikio chake cha meza. Kishikio hicho mara nyingi kiko kabatini thieta na ufunguo anao sista aliyetoka zamu, basi kiulizie tangu jana. Weka kisanduku cha fimbo zile za N, sukuma kila klipu hadi isikike imekaa, kisha kitikise kidogo uone kama kinacheza. Kikicheza, kosa lake litaingia kwenye kila namba.

Mwinamo wa gantri (pete ya CT anamopita mgonjwa) uwe sifuri. Skani ya kichwa ya kila siku huinamishwa ili kuyakwepa macho, na vidole vyetu vimezoea kubonyeza protokali hiyo. Mwinamo wa nyuzi 15 usiotambuliwa na programu unasogeza vitu milimita 27 kwa kila milimita 100 za urefu. Tengeneza protokali mpya, ipe jina lake, ili asiwepo wa kuchanganya usiku.

Uwanja wa picha ujumuishe fimbo zote, na usibadilike katikati. Kipande milimita 1, bila nafasi. Anza chini ya fimbo, maliza juu yake. Picha zikitoka, zipitie moja moja na uhesabu nukta: sita au tisa kutegemea kisanduku. Kipande chenye nukta pungufu hakina namba za kuaminika.

Vipande vyembamba vina chembechembe nyingi. Kutoka milimita 5 kwenda 1, kelele inaongezeka zaidi ya mara mbili. Wengine huona picha mbaya, wakarudi kwenye vipande vinene. Usifanye hivyo. Tengeneza seti mbili kutoka skani ile ile: nyembamba ya kupimia, nene ya kutazamia. Mgonjwa hapati mionzi ya ziada.

Kuhusu kutulia. Fremu imefungwa kwenye meza, lakini mtu anayekohoa au anayejibu maswali hutikisa meza nzima. Zungumza naye kabla, kwa lugha anayoisikia vizuri. Baadhi ya wagonjwa, hasa wa West Nile na wanajeshi, Kiswahili kinawafikia haraka kuliko Kiingereza. "Mzee, nikisema sasa, usiongee wala usimeze mate kwa nguvu. Ukiwashwa, vumilia. Nikimaliza nitakuambia." Kisha kweli mwambie umemaliza. Mtu aliyeachwa bila neno atageuza macho, kisha mabega, akitafuta kama bado upo.

Hatua ya saba: kuoanisha MRI na CT

Programu itaandika kwamba kazi imekamilika. Hiyo ni taarifa ya programu kwamba imeacha kutafuta, si kwamba imepata. Jicho lako ndilo linalopitisha.

Kabla ya kubonyeza, punguza eneo la kuoanishwa. Fimbo na fremu ziko kwenye CT tu, na taya na ngozi ya shingo hazikukaa sawa siku zote mbili. Ukiviacha ndani, programu itahangaika kuvilinganisha. Bakiza fuvu na ubongo.

Kisha kagua. Weka picha moja juu ya nyingine, sogeza dirisha taratibu. Tazama kuta za ventrikali za pembeni, mbele na nyuma. Tazama chokaa ya tezi ya pineali, ambayo CT huionyesha vizuri. Tazama ukuta wa katikati kati ya pande mbili za ubongo, na ukingo wa ndani wa fuvu pande zote. Fanya hivyo kwa mikato mitatu, halafu fanya tena karibu na shabaha yenyewe, maana oanisho linaweza kuwa zuri mbele na baya nyuma kwa kuzunguka nyuzi mbili tu. Ukuta wa ventrikali ukionekana mara mbili, anza upya. Kama ventrikali zenyewe zimebadilika ukubwa, labda mgonjwa aliwekewa shanti (mrija wa kutoa maji kichwani) katikati, tatizo si programu. MRI imepitwa na wakati.

Kwa wanaotumia mfumo wa kuongoza bila fremu, neno moja. Namba ya kosa inayotokea kwenye skrini baada ya kusajili alama za ngozini inaeleza jinsi alama zilivyolingana zenyewe kwa zenyewe. Haielezi kosa lililoko kwenye shabaha. Inawezekana kabisa namba ikawa ndogo na shabaha ikakosewa, hasa alama zote zikiwa usoni na uvimbe uko kisogoni. Zitawanye kuzunguka kichwa, juu ya mfupa usio na nyama inayoteleza, na ukumbuke kwamba kosa la nyuzi moja kwenye kina cha milimita 80 ni milimita 1.4.

Hatua ya nane: namba zisomwe na watu wawili

Kwenye fremu ya Leksell kitovu ni 100, 100, 100. X inaongezeka kutoka kulia kwa mgonjwa kwenda kushoto, Y kutoka kisogoni kwenda usoni, Z kutoka utosini kwenda chini. Uvimbe ulioko milimita 22 kushoto mwa kitovu una X ya 122, na wa kulia kwa umbali huo huo una 78. Kwenye CRW, aina nyingine ya fremu, kitovu ni sifuri. Anayehama kutoka fremu moja kwenda nyingine awe mwangalifu kupita kiasi.

Mmoja asome kwa sauti, wa pili aweke kwenye fremu, kisha wabadilishane. Kabla hata ya namba, waulizane: uvimbe uko upande gani, juu au chini ya kitovu, mbele au nyuma? X ikisema 122 na ripoti ikasema kulia, kila kitu kisimame. Kuthibitisha upande, kidonge cha vitamini E kilichobandikwa kwenye paji upande wa kulia wakati wa MRI kinatosha, kwa sababu mafuta yake yanang'aa.

Shabaha nayo ichaguliwe kwa akili. Katikati ya uvimbe unaong'aa kama pete mara nyingi ni nyama iliyokufa. Kinachoishi kiko ukingoni. Sindano nyingi zinazokata kwa ubavu zina dirisha la kukatia la kama milimita 10, kwa hiyo panga dirisha lipite kwenye ukingo huo. Njia ya kuingilia ianzie juu ya mkunjo wa ubongo, isishuke kwenye bonde lenye mishipa, na isipite ventrikali kama kuna njia nyingine. Hapo ndipo T1 yenye dawa inapolipa tena, kwa kuonyesha mishipa. Uvimbe mkubwa usikufanye ulegee: milimita mbili ndani ya uvimbe si kitu, milimita mbili kutoka kwenye mshipa ni kitu.

Thieta, tundu liwe dogo na maji ya ubongo yasivuje ovyo. Yakivuja, hewa inaingia, ubongo unashuka, na picha yako nzuri ya asubuhi haielezi tena kichwa kilichopo mezani.

Hatua ya tisa: CT ya baadaye, na daftari

Skani ya kuangalia kama kuna damu hupigwa baada ya saa chache. Ipige kwa vipande vyembamba pia. Mara nyingi utaona povu dogo la hewa au nukta ya damu pale sindano ilipochukua nyama. Oanisha skani hiyo na mpango wa asubuhi, pima umbali kutoka shabaha hadi kwenye nukta, kwa kila mhimili peke yake. Povu linaweza kusogea, kwa hiyo fuata pia njia ya sindano iliyoachwa kwenye ubongo.

Andika kwenye daftari: tarehe, mashine, unene wa vipande, umri wa MRI, kosa la X, Y na Z pamoja na alama yake ya kujumlisha au kutoa, na majibu ya maabara yakirudi. Usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili inatosha. Kisha, wagonjwa wakishafika kumi na kitu, soma safu za X, Y na Z kutoka juu hadi chini. Zikitawanyika pande zote, hilo ni kosa la kubahatisha, rudi kwenye hesabu ya hatua ya kwanza na uone nani mkubwa. Zikiegemea upande mmoja, tuseme Z karibu zote ziko chini ya shabaha, hiyo ni hitilafu ya kudumu: kisanduku kilichopinda, kishikio kilicholegea, protokali iliyobaki na mwinamo, au MRI isiyo na marekebisho ya pande tatu. Anza na kisanduku, kwa sababu ndicho rahisi kukagua: kiweke juu ya meza tambarare, pima kila N kwa kalipa, na linganisha na vipimo vya mtengenezaji.